Kijana aliyenusurika maporomoko: mwongozo wa mwaka wa kwanza kwa mwalimu, mlezi na mhudumu wa afya

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walifariki. Miezi mitano baadaye, tarehe 29 Aprili 2024, maji yalifumuka kabla ya kucha karibu na Mai Mahiu nchini Kenya na kubeba nyumba na watu waliokuwa wamelala. Maafa yote mawili yaliletwa na mvua na yaliwakuta watu kitandani. Ndiyo maana mwongozo huu unarudi mara kwa mara kwenye usingizi na mvua. Kwa kijana aliyetoka hai kwenye tope la aina hii, hayo ndiyo mambo mawili yanayomsumbua muda mrefu baada ya mahema kung'olewa.

Tunaposema kijana tunamaanisha mwenye umri wa miaka 10 hadi 19. Huyu si mtoto mdogo anayelia na kuonekana. Anajua kuficha. Mara nyingi ndiye anayesifiwa kambini kwa utulivu wake, anachota maji, anabeba wadogo zake, hamsumbui mtu. Mwangalie huyo kwanza.

Siku za mwanzo: tazama, sikiliza, unganisha

Huduma ya kwanza ya kisaikolojia haihitaji mtaalamu, na ina kazi tatu tu. Tazama nani hana mtu mzima wake, nani ameumia, nani amekaa peke yake. Sikiliza anachosema bila kumchimba. Muunganishe na ndugu, chakula, blanketi, taarifa za kweli na huduma anayohitaji.

Hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kijana aliyekutanishwa na dada yake amepata tiba kubwa kuliko semina yoyote. Ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe kwa sababu tu shangazi mmoja ana nafasi ya mtu mmoja na mjomba wa mkoa mwingine ana nafasi ya wawili. Ikibidi kabisa watengane, waambiwe ni kwa muda gani, na namba za simu ziandikwe kwenye karatasi wanayobaki nayo wenyewe.

Mwambie ukweli kuhusu waliokufa. "Mama amesafiri" ni uongo ambao kijana wa miaka 13 ataugundua ndani ya siku mbili, na baada ya hapo hatakuamini hata ukisema jua limechwea. Tumia neno "amefariki". Muulize kama anataka kwenda kwenye maziko, mweleze atakachokiona huko, halafu mwache aamue. Kama mwili haujapatikana, usimwahidi kuwa utapatikana.

Katika siku hizi epuka mambo mawili. La kwanza ni kuwakusanya vijana na kuwataka kila mmoja asimulie kilichompata "ili atoe moyoni". Kikao kimoja cha kumlazimisha mtu kusimulia mara tu baada ya tukio hakimkingi na kiwewe, na kwa wengine huzidisha hali. La pili ni dawa za usingizi. Shirika la Afya Duniani linashauri vijana na watoto wasipewe dawa za kutuliza za kundi la diazepamu kwa ajili ya msongo wa mwezi wa kwanza baada ya tukio. Humtuliza kwa usiku huo, lakini chanzo cha hofu kinabaki palepale, na mwili huzizoea upesi.

Jambo la pembeni, lakini linaumiza: simu. Video za tope zilizorekodiwa na wapita njia huzunguka kwenye WhatsApp kwa wiki kadhaa, na kijana anaweza kuiona nyumba yao ikibebwa mara hamsini. Zungumza naye kuhusu hilo waziwazi. Na mwandishi wa habari asimpige picha wala kumhoji bila mlezi kukubali na kijana mwenyewe kukubali. Wote wawili.

Wiki ya pili hadi ya nne: rudisha ratiba, linda usingizi

Katika mwezi wa kwanza, kushtuka, kuota ndoto mbaya, kukosa hamu ya kula, hasira za ghafla na maumivu ya kichwa au tumbo yasiyo na ugonjwa ni mambo ya kawaida. Mwambie hivyo. "Mwili wako bado unalinda. Wengi walioyapitia haya hupata hivi, na kwa wengi hupungua." Vijana wengi huogopa kwamba wanarukwa na akili, na hawamwambii mtu.

Usingizi unahitaji mpangilio. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku, na manusura wa maporomoko ya alfajiri mara nyingi hulala mapema kisha huamka saa tisa au saa kumi usiku, kabla kidogo ya wakati tukio lilipotokea. Fanya hivi:

1. Hakikisha kwanza mahali anapolala ni salama kweli. Kama hema au nyumba iko kwenye mkondo uleule wa maji, hofu yake ni sahihi na dawa yake ni kuhama. Usimfundishe kupumua mahali anapotakiwa kukimbia.
2. Mchana, tembeeni pamoja kwenye njia ya kutokea hadi mahali pa juu palipokubaliwa. Mara mbili zinatosha. Viatu na tochi vikae sehemu ileile kila usiku, karibu na mkono.
3. Muda wa kulala na kuamka usibadilike, hata Jumamosi. Chai ya rangi na kahawa ziishie saa kumi jioni. Simu ibaki nje ya shuka.
4. Kulala chumba kimoja na ndugu au mlezi wake kunaruhusiwa katika wiki hizi, hata kwa kijana wa miaka 16. Usimwaibishe. Baadaye kitanda kinasogezwa taratibu.
5. Akiamka na moyo unaenda mbio: miguu sakafuni, taa iwashwe, ataje tarehe ya leo na mahali alipo. Kisha avute pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, kwa dakika 5. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, kwani hiyo ndiyo inayopunguza mapigo. Wengi hukosea kwa kuvuta hewa nyingi kwa nguvu, wakapata kizunguzungu, na hofu ikaongezeka.

Ndoto inayojirudia hushughulikiwa mchana, si kitandani. Kijana anaichora au kuiandika, kisha anabadilisha sehemu anayoitaka: tope linasimama, mtu anafungua mlango, yeye anafika juu. Aupitie mwisho huo mpya kichwani kwa dakika 10 hivi, kila siku kwa wiki mbili. Lazima mwisho auchague yeye, kwa kuwa mwisho uliotungwa na mwalimu haufanyi kazi.

Ratiba ya mchana iwe na kazi moja anayoiweza na yenye faida kwa wengine, mchezo, na kula pamoja na watu. Kazi moja, si kumi. Msichana mkubwa aliyefiwa na mama hugeuzwa mama wa nyumba kabla hata ya arobaini, na kila mtu humsifu kwa hilo. Hesabu saa zake: kama akitoka shule hana hata saa moja ya kukaa na wenzake, kazi hiyo igawanywe. Mvulana naye husukumwa kwenye vibarua na kuambiwa "jikaze, wewe sasa ndiye baba". Jikaze ile hutafuta mlango, na mlango mwingine ni gongo.

Baada ya mwezi mmoja: pima mambo mawili, si moja

Kosa la kawaida ni kupima dalili za kiwewe peke yake. Kijana anaweza kuacha kuota ndoto mbaya na bado hana rafiki, hacheki, haoni sababu ya kusoma. Kwa hiyo pima kiwewe, kisha pima ubora wa maisha.

Kwa kiwewe, kipimo kifupi cha CRIES-8 kina maswali 8 kuhusu siku 7 zilizopita: nusu yanahusu picha na mawazo yanayojileta yenyewe, nusu yanahusu kukwepa vinavyokumbusha tukio. Kila jibu lina alama 0 (haijatokea), 1 (kwa nadra), 3 (wakati mwingine) au 5 (mara nyingi). Jumla ya juu kabisa ni 40. Akifikia 17 au zaidi, anahitaji kuonwa na mtu mwenye utaalamu.

Kwa hali njema ya maisha, kipimo cha WHO-5 cha Shirika la Afya Duniani kina maswali 5 kuhusu wiki mbili zilizopita: uchangamfu, utulivu, nguvu, kuamka ukiwa umepumzika, na kuwa na mambo yanayokuvutia katika siku. Kila jibu ni 0 hadi 5. Jumlisha, kisha zidisha kwa 4. Mfano: 2+1+3+1+2 = 9, mara 4 ni 36. Chini ya 50, mwangalie kwa karibu na uulize kuhusu sonona. Rudia baada ya wiki 6 hadi 8, na badiliko la alama 10 au zaidi ndilo lihesabiwe kuwa la kweli. Akitoka 36 kwenda 40, usiandike kwamba amepona.

Ongeza mambo manne unayoweza kuyahesabu bila fomu: siku alizohudhuria shule kati ya 5, usiku aliokatika usingizi kati ya 7, milo kwa siku, na idadi ya mara alizokaa na rafiki wiki hii. Daftari lenye safu hizi nne kwa miezi sita litakuonyesha kuteremka kabla ya fomu yoyote.

Mambo yanayoharibu vipimo hivi ni machache na yanajulikana. Maswali husomwa darasani kwa sauti, watoto wakachunguliana. Mama mdogo amekaa pembeni, kijana akajibu anachotaka mama mdogo asikie. Fomu inatolewa wiki ya kwanza, karibu kila mtu akavuka 17, na orodha ikakosa maana. Au Kiswahili cha fomu ni cha ofisini. Hanang, ambako nyumbani wengi huzungumza Kiiraqw au Kidatoga, kijana anaweza kujibu kwa neno moja la Kiswahili jambo ambalo kwa lugha yake angelieleza kwa nusu saa. Tafuta mtu mzima anayeaminika, asiye ndugu yake, amsomee. Na kumbuka kwamba alama ni ishara ya kumtazama mtu. Ugonjwa hutajwa na mtaalamu baada ya kuzungumza naye.

Mazungumzo

Anza na ulichokiona kwa macho, usianze na maafa. "Mwanangu, wiki hii nimekuona unasinzia kipindi cha kwanza. Usiku unalalaje?" Swali hilo linajibika. "Unajisikiaje kuhusu yaliyotokea?" halijibiki, atasema "kawaida tu, mwalimu", na mlango utafungwa.

Keti ubavuni, si mbele ya meza. Kutembea pamoja au kupalilia bustani ya shule kunafungua midomo kuliko ofisi. Akinyamaza, nyamaza naye. Kabla hajaeleza jambo zito mwambie mpaka wa siri: "Utakayoniambia yatabaki kwangu, isipokuwa nikiona uhai wako au wa mwingine uko hatarini. Hapo nitamtafuta mtu wa kutusaidia, na nitakuambia kwanza."

Jiandae kwa hatia. Vijana wengi walionusurika hubeba swali moja: niliuachia mkono wa mdogo wangu, kwa nini? Usikimbilie "si kosa lako". Muulize kwanza nini kilitokea sekunde ile, maji yalifika wapi, alikuwa na nguvu kiasi gani, nani mwingine alikuwepo. Akiyaweka mwenyewe kwa mpangilio, mara nyingi ndipo anapoona kwamba hakukuwa na mkono wa mtoto wa miaka 12 ambao ungeshinda gogo.

Dini ni nguzo, na kijana akitaka kusali, asali. Ila "mshukuru Mungu wewe umepona" husikika kwa aliyefiwa kama amri ya kufurahi. Liache neno hilo alitamke yeye.

Mvua

Mvua ya kwanza kubwa baada ya tukio itarudisha karibu kila kitu, hata kwa waliokuwa wanaendelea vizuri. Si kwamba juhudi zimepotea. Sauti ya mabati, harufu ya tope bichi, ngurumo ya lori zito linalopita ni vikumbusho, na mwili huvijibu kabla ya akili.

Weka mpango kabla ya masika. Andika na kijana orodha ya vikumbusho vyake, kwa mpangilio kutoka chepesi hadi kizito. Anza na chepesi, kwa mfano kusikiliza sauti ya mvua kwenye simu kwa dakika 3 mchana, akiwa na mtu anayemwamini, hadi hofu ishuke yenyewe. Kesho yake dakika 5. Usimkatishe hofu ikiwa kileleni, kwa sababu atajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Usiruke ngazi, na usimpeleke kwenye eneo la tukio kama zoezi bila mtaalamu.

Siku ya mvua kubwa, shule itumie dakika mbili: mwalimu aseme kwa sauti hali ilivyo, nani anafuatilia taarifa za hali ya hewa, na wataelekea wapi ikilazimu. Darasa lenye mtu mzima anayejua la kufanya hutulia haraka.

Shule

Mrejeshe mapema iwezekanavyo, hata kwa nusu siku. Vikwazo vya kweli mara nyingi ni vidogo: sare, daftari, cheti cha kuzaliwa kilichokwenda na maji, taulo za kike. Msichana asiye na taulo za kike hukosa siku kadhaa kila mwezi, kisha huandikwa kama mtoro. Orodhesha vikwazo hivi kwa kila mwanafunzi na uvifuate kimoja kimoja kwa mtendaji wa kijiji au kata na afisa ustawi wa jamii.

Kumbukumbu na umakini hupungua kwa miezi. Vipande vya kazi vya dakika 15 hadi 20, maelekezo yaandikwe ubaoni, akae karibu na mlango ikiwa anahitaji. Asipewe adhabu ya viboko kwa kushtuka au kusinzia. Asiitwe "mtoto wa maafa", na misaada isigawiwe mstarini mbele ya wenzake.

Wakati wa kumpeleka mbele

Mpeleke ikiwa baada ya mwezi mmoja dalili hazipungui na zinamzuia kusoma, kula, kulala au kukaa na watu. Ikiwa CRIES-8 ni 17 au zaidi. Ikiwa ameanza pombe au bangi. Au ikiwa huzuni ya msiba haijalegea hata kidogo baada ya miezi sita. Siku hiyohiyo, bila kusubiri: anataka kufa, anajiumiza, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, amegoma kula, au amefanyiwa ukatili wa kingono. Kwa hili la mwisho, kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa ya kuzuia VVU haina kazi baada ya hapo.

Kuuliza kuhusu kujiua hakumpandikizii mtu wazo hilo. Uliza hivi: "Watu wakipitia uliyoyapitia, wengine hufika mahali pa kuwaza ni heri wangekufa. Wewe mawazo hayo yamewahi kukujia?" Akisema ndiyo, uliza kama amefikiria njia. Usimwache peke yake, na siku hiyo toa nyumbani viuatilifu, sumu ya panya na dawa za mifugo, uziweke kwa jirani. Kazi hiyo ya dakika kumi huokoa maisha, kwa sababu msukumo mkali mara nyingi hupita ndani ya muda mfupi.

Nchini Tanzania anza zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa ya hospitali ya wilaya, na umhusishe afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ukatili uripotiwe pia Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ni ya bure ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya. Kenya ipo pia 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Ukiulizwa na halmashauri au shirika ni tiba gani waipe fedha, taja zenye vikao kadhaa na usimamizi. Mpango wa EASE wa Shirika la Afya Duniani, kwa wenye miaka 10 hadi 15, una vikao 7 vya vijana na 3 vya walezi, na umeshafanyiwa majaribio miongoni mwa wakimbizi wa Burundi walioko Tanzania. Tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe iliendeshwa Moshi na Bungoma kwa watoto zaidi ya 600 waliofiwa na wazazi, na walioiendesha hawakuwa wataalamu wa afya ya akili bali watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Semina ya siku moja yenye fulana na soda isipewe.

Mwezi wa kumi na mbili

Tarehe ileile ikirudi, usingizi huharibika wiki moja au mbili kabla. Kwa Hanang tarehe 3 Desemba huangukia siku ambazo shule zinafungwa au zimekaribia kufungwa, hivyo mwalimu hatakuwepo kijana atakapomhitaji. Mnamo Novemba mtembelee mlezi, mkubaliane nani atakuwa naye siku hiyo, na mwulize kijana anataka iweje: kaburi, ibada, kupanda mti, au siku ya kawaida kabisa.

Januari inayofuata aliyemaliza darasa la saba anaingia kidato cha kwanza mahali asipojulikana. Andika ukurasa mmoja, kwa idhini yake na ya mlezi: vinavyomkumbusha, vinavyomtuliza, alama zake mbili za mwisho za WHO-5, na jina la mtu mzima anayemwamini. Hadithi ya tukio usiiandike. Ukurasa huo upeleke mwenyewe, au upitie kwa afisa ustawi wa jamii, hadi mkononi mwa mwalimu wa ushauri nasaha wa shule mpya. Usimbebeshe kijana kwenye begi lake.